Siku Niliyomfuma Baba Halima

Jamani, nawasimulia nyie kwa sababu mmeniahidi mtacheka hapa hapa na kicheko mtakiacha hapa hapa, maana jambo lenyewe Kikuyu nzima, mtaa wetu huu wa Dodoma, inalijua, ila kila mtu analo la kwake, huyu anasema nilikwenda na panga (sikuwa na panga, nilikuwa na mwavuli), yule anasema nilizimia nikabebwa, basi bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, nimeolewa na mwanamume mmoja tangu nikiwa binti wa kijijini Kolo, na kwa magoti yangu haya yanayouma nilikwenda kumfumania.

Nianze na kufuma, maana ndiko yote yalikoanzia. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha vitambaa, ananikalisha barazani na sindano yake ile yenye ndoano kichwani, nikikosea ananigonga nayo vidoleni, na alipokufa sindano ikawa yangu. Nilipoolewa nilikwenda kwa mume na vitambaa vya makochi kabla hatujawa na makochi. (Tulivitandika juu ya madumu, na Baba Halima alivisifia hivyo hivyo.) Tulipohamia Dodoma nikafundisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu, wakawa wananiita mwalimu, wanakuja kwangu kila Alhamisi, na nina ua langu la alizeti ambalo hakuna anayeliweza ila mimi na mwanafunzi wangu mmoja, Mama Sechelela, mjane aliyetoka Mlali, anaishi na mama yake mzazi nyuma ya mashine ya kusaga. Huyo mkumbukeni.

Sasa mjukuu wangu Rehema, ambaye anasoma chuo na anakaa kwetu, akaposwa, nami nikatangaza mbele ya watu kwamba nitamfumia shuka la kitanda, vipande themanini vya alizeti vya kuunganisha. Nilipofika cha thelathini na moja macho yakaanza ukungu. Uzi nauona, kitanzi sikioni. Sikumwambia mtu, maana mwalimu wa kufuma asiyeona kitanzi ni mwalimu wa nini, nikawa nakaa na sindano mapajani, nikisikia mtu anakuja nachezesha mkono, akipita nauweka chini. Alhamisi nawasahihisha wanafunzi kwa kupapasa na kuguna. Niliona haya hata kujiambia mwenyewe.

Ni katika siku hizo hizo ndipo Baba Halima alipoanza vituko. Mzee huyu ni dereva wa malori mstaafu, kukata kucha mpaka umkumbushe mara tatu, ghafla anakata mwenyewe, tena anazisugua, tena anajipaka mafuta viganjani. Akishasali alasiri anaaga, "Mama Halima, nakwenda kwenye bao," anarudi karibu na magharibi, namwuliza nani kashinda, anasema, "Tumeshinda." Mmeshinda nyie na nani? Bao ni mtu na mtu. Lile neno nililiweka.

Mara sindano ya shangazi haionekani. Mara nampokea koti nakuta uzi wa njano umenasa kwenye kola, nikautoa taratibu, nikaunusa (nilitaka kunusa nini hata sijui), nikaufunga kwenye pindo la kanga uwe ushahidi. Lakini kilichonimaliza kabisa ni sanduku. Vipande vya Rehema navitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na nilikuwa navihesabu kwa vidole ili nijue nimebakiza aibu ya vipande vingapi. Siku moja nahesabu, thelathini na nne. Wiki iliyofuata, thelathini na saba. Mwizi namjua, mwizi anapunguza, sasa huyu anayeongeza ni nani? Nikavipapasa vile vigeni, pengine pamelegea, pengine pamekaza kama mtu alikuwa na hasira, na ua ni langu, ni alizeti yangu. Nikasema ni Mama Sechelela tu, anafuma vibaya kwa sababu akili yote iko kwa mume wangu, na sasa ameshaanza kujipenyeza mpaka kwenye shuka la mjukuu wangu.

Alhamisi moja, Baba Halima ameshaaga na bao lake, niko ndani nasubiri wanafunzi, Rehema yuko uani anafua na anaongea kwa simu na mama yake, Halima, aliyeko Kolo. Mashine ya kusaga inanguruma kama kawaida yake, maneno mengine yanafika, mengine yanasagwa na mahindi. Nikasikia hivi: "Mama, babu... fumania... kwa Mama Sechelela... bibi asijue." Kumbe mpaka mjukuu anajua, mpaka binti yangu niliyemzaa anajua, na wamekubaliana nisijue.

Hapa ndipo penye kosa langu, dogo tu. Ningetoka uani nikasema, "Rehema, umesema nini?" Mngekuwa mmeshakunywa chai zenu mkaenda. Sikutoka. Nilivaa ushungi, nikachukua mwavuli, nikapitia mlango wa mbele niende kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kwa sababu fumanizi bila balozi ni ugomvi tu, kesho mzee anakana na wewe unaonekana umechanganyikiwa. Pale mlangoni nikakutana na wanafunzi wangu ndio wanafika, saba kwa hesabu, bila Mama Sechelela, na mbele yao jirani yangu Mama Bahati.

"Shikamoo mwalimu. Mbona na mwavuli, kuna mvua?"

"Nakwenda kumfuma Baba Halima," nikasema.

Ningesema nakwenda dukani. Wale saba hawakuulizana, waligeuka tu wote pamoja na vikapu vyao vya nyuzi wakanifuata.

Balozi, Mzee Lameki, ni mtu wa taratibu, tulimkuta anakula, akanawa, akavaa koti juani, akachukua daftari.

"Mama Halima, una hakika na unalolisema?"

"Ninao ushahidi." Nikafungua pindo la kanga.

Akauangalia kwa muda. "Huu ni uzi," akasema.

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akaandika kitu, na mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Tukapita pale kwenye mashine, na yule mwenye mashine alipoona balozi na koti, na mimi na mwavuli, na wanawake saba nyuma, akaizima ili aone vizuri. Mtaa mzima ukawa kimya. (Mashine ile siku zote inanguruma, ikanyamaza siku hiyo.) Tukafika kwa Mama Sechelela, uani kuna mzabibu wake umetambaa juu ya fito, mlangoni pazia, na chini ya pazia makubazi ya Baba Halima yamewekwa vizuri kando ya kandambili za mwanamke. Kwangu hakuwahi kuyapanga hivyo. Ndani zikasikika sauti.

"Usikaze, Baba Halima. Legeza mkono."

"Kidole kinauma."

"Kitazoea. Ingiza tena. Zungusha. Haya, sasa vuta taratibu."

Balozi akakohoa. Mama Bahati akasema, "Astaghfirullah," na simu ameshainyanyua juu anarekodi. Mimi sikusubiri, nikalivuta pazia kwa ncha ya mwavuli, ufito wake ukang'oka, pazia likanifunika kichwa, na nikiwa mle mle ndani ya pazia nikasema kwa sauti ambayo waliisikia mpaka mashineni, "Nimewafuma leo!"

Walinivua pazia. Mbele yangu Baba Halima amekaa kwenye kigoda, miwani puani, donge la uzi wa njano mapajani, sindano ya shangazi yangu mkononi, ulimi ameutoa pembeni kama mtu anayeandika barua ngumu. Mama Sechelela yuko kwenye mkeka upande wa pili wa chumba, na katikati yao mama yake mzazi, kikongwe, anapukuchua mahindi. Akanyanyuka Mama Sechelela, na kwa mazoea tu, masikini, akatusalimu kwa Kigogo chake, "Mbukwenyi," kisha akasema, "Karibuni, mwalimu. Ila viti havitatosha."

Balozi akachungulia, akatazama uzi, akatazama sindano, akafunga daftari. "Mama Halima, ni kweli," akasema, "nimewakuta wanafuma."

Kicheko kilianzia kwa Mama Bahati kikaenda mpaka barabarani. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaendelea, "Na sandukuni kwangu nani anaingia?"

"Mimi," akasema Baba Halima.

"Na vile vipande?"

"Vyangu. Vile vibaya vyote ni vyangu." Akavua miwani. "Mwajabu." (Jina langu hulitamka msibani tu, siku nyingine zote mimi ni Mama Halima.) "Miezi mitatu nakuona unachezesha mkono hauna uzi. Nikasema nikikwambia utaona haya. Nikaona nije nijifunze kwa mwanafunzi wako, shuka liishe, siku ya harusi useme umelifuma wewe."

Wanafunzi wangu saba wakanitazama machoni, mmoja mmoja, nikajua wanakumbuka jinsi nilivyokuwa nawapapasia kazi zao na kuguna.

"Macho yasiyoona kitanzi cha uzi," akasema Baba Halima, polepole, "ndiyo yaliyoniona mimi huku?"

Hapo hakucheka mtu. Ndipo Rehema akafika mbio, mikono ina povu la sabuni, mwenye mashine ndiye aliyekwenda kumwita, nami nikamgeukia yeye, si nilimsikia kwa masikio yangu akisema babu kafumaniwa?

"Bibi, nilimwambia mama, babu anafuma, nia anayo, yuko kwa Mama Sechelela, bibi asijue."

Balozi akayarudia yale maneno taratibu, kama anayaonja. "Anafuma. Nia anayo." Mama Bahati akakaa chini kwenye vumbi kwa kucheka. Baba Halima akaiweka sindano juu ya mkeka, akavaa makubazi yake, akapita katikati yetu, akaenda nyumbani peke yake.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu yenyewe. Watu walipoanza kutawanyika, Mama Sechelela akawa anaokota ule ufito wa pazia, akaniambia bila kuniangalia, "Mwalimu, mimi ni mjane. Nyumba hii haijawahi kujaa watu hivi isipokuwa siku ya msiba. Kesho watakumbuka kwamba walikuja na balozi. Walichokikuta watakisahau." Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Mimi nilikuwa nimehofia kunyang'anywa mume, kumbe niliyekuwa nanyang'anya ni mimi, na nilichonyang'anya ni jina la mtu asiye na kingine cha kumlinda.

Nyumbani Baba Halima hakugomba. Alikula, alisali, alilala, ila hakuniita kitu, si Mwajabu wala Mama Halima. Kesho yake alasiri nikavaa ushungi ule ule nikaenda kwa balozi, nikamwomba avae koti lile lile, nikawapitia wanawake wale saba, tukaifuata njia ile ile. Mashine ikazimwa tena. Nikasimama chini ya mzabibu nikasema kwa sauti ya jana kwamba nilimsingizia mwanamke huyu, kwamba alikuwa akinisitiri nami nikamvua nguo hadharani, na kwamba macho yangu hayaoni kitanzi, hayajaona kwa miezi mitatu, na kuanzia sasa Alhamisi atafundisha yeye, mimi nitakaa pembeni yake. (Mama Bahati nikamsimamia mpaka akafuta ile video mbele ya balozi.) Yule kikongwe anayepukuchua mahindi ndiye aliyejibu, akasema, "Basi mpeni mwalimu wenu kigoda."

Siku tatu Baba Halima hakwenda kwenye bao wala hakushika uzi. Siku ya nne nimekaa barazani, nikamsikia anakuja, akavuta kigoda, akakaa hapo nje mbele ya mtaa mzima na sindano ya shangazi, akafuma kimya. Baada ya muda akanisogezea kipande mkononi.

"Hapa nimekosea wapi, Mama Halima?"

Nikakipapasa. Kilikuwa kibaya mno. "Rudi nyuma mafundo matatu," nikamwambia, akafumua.

Hospitalini wamesema ni mtoto wa jicho, watanifanyia upasuaji mwezi ujao, kabla ya harusi. Rehema anasema nikishaona vile vipande vya babu yake nitalia, nami nimeshaapa kwamba nitavisifia kama mzee mwenyewe alivyovisifia vyangu juu ya madumu. Na nimeapa la pili, kwamba sitamfuata tena mtu yeyote na balozi kabla sijamwuliza mwenyewe kwa kinywa changu. Sasa hivi Baba Halima akiaga kwamba anakwenda kwenye bao, namwuliza tu, wewe na nani? Ananitajia jina, naridhika. (Jina nalifunga kwenye pindo la kanga, lakini naridhika.)