Fundo Lililohamia Ubavuni

Saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya chai, na Phelis Nyamoita anakanyaga cherehani yake kwenye baraza ya duka moja hapa Boito. Nailoni nzito ya rangi ya njano imemjaa mapajani. Wanawake wanaokwenda kuchuma wanapita na vikapu mgongoni, kila mmoja akimsalimu. Mmoja anamwachia viazi vitamu viwili vya moto na kuendelea na safari.

Phelis ana miaka ishirini. Anashona aproni za wachuma chai, zile zinazomkinga mtu asilowe tumbo na miguu akipita katikati ya michai. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kufanya kazi ya chai, naye akazaliwa huku huku.

Kushona alijifunza katika chuo cha ufundi cha kijiji, kilichoanzishwa na kanisa karibu na Kapsoit kwa vijana waliomaliza darasa la saba wakakosa nafasi ya sekondari. Huko hufundishwa ufundi, na pia namna ya kutafuta wateja na kuwatunza. Anayehitimu huazimwa cherehani kwa mwaka mmoja. Juu yake kuna kibati chenye jina la chuo, kimekazwa kwa skrubu mbili. Mwaka ukiisha, mwenye wateja wanaorudi huachiwa mashine. Asiye nao huirudisha, apewe mwingine.

"Nilikuwa nakiangalia kile kibati kila siku," anasema Phelis. "Nacho kilikuwa kinaniangalia."

Alianza na magauni, lakini Boito ilikuwa na mafundi wawili waliozoeleka. Miezi minne ikapita hivyo. Ndipo jioni moja akamwona mama yake, Bitutu, akikamua maji kwenye sketi baada ya kazi, akapata wazo la aproni. Alishona thelathini, moja shilingi nne, zikaisha kwa wiki mbili.

Kisha kimya. Hakuna aliyerudi, na hakuna aliyelalamika. Jirani yao Chepkemboi, mama mzee wa Kipsigis, alipita kila asubuhi amevaa yake, akaisifu rangi, akaenda zake.

Siku moja Bitutu aliamka na homa, Phelis akajifunga aproni, akachukua kikapu cha mama yake kwenda kuchuma badala yake. Alipofika shambani alikuta aproni zake za njano zimeanikwa kwenye ua, moja baada ya nyingine, kama nguo zilizofuliwa. Wenyewe walikuwa wamelowa hadi kiunoni.

Yeye hakuivua ya kwake. Kufika saa tano, kikapu kikiwa nusu, alikuwa amejua. Chuoni alifundishwa aproni ya jikoni, ambayo hufungwa nyuma. Mchuma chai hubeba mzigo hapo hapo nyuma. Kila jani alilotupa kikapuni lilizidi kulikandamiza lile fundo kwenye uti wa mgongo.

"Kogo," alimwuliza Chepkemboi, kwa neno la Kipsigis la kumwita bibi, "mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mtoto, na kila nikipita unashona ukiimba?" Mzee akamgeuza, akamfungua lile fundo. "Lakini huyo mwalimu wako, yeye amewahi kubeba nini?"

Walikaa kwenye nyasi wakati wa mapumziko, Chepkemboi akionyesha kwa kamba ya kikapu. Mikanda iwe mipana na bapa, ipishane nyuma chini ya kikapu, ije kufungwa ubavuni. Phelis alizikusanya zote thelathini akazirekebisha bila malipo. Ilimchukua wiki tatu, na mwaka wake wa mashine ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Ijumaa iliyopita mwalimu wa chuo, Bwana Kebaso, alikuja kukagua. Phelis anasema siku hiyo alishindwa hata kutunga uzi. Mwalimu alikwenda hadi kituo cha kununulia chai, akakuta foleni nzima ya njano mbele ya mizani. Wengine walikuwa wameshanunua aproni ya pili, na wengine walimwagiza Phelis za mabinti zao hapo hapo.

Chepkemboi hakuridhika. Alimfunga mwalimu aproni kwa mtindo wa zamani, fundo nyuma, akamtwika kikapu kilichojaa, akamwomba akifikishe kwenye lori. Wanawake walimsindikiza kwa kicheko njia yote. Bwana Kebaso alirudi anajisugua mgongo.

"Pole, mwalimu," Chepkemboi alimwambia. "Sasa umehitimu."

Bwana Kebaso akaomba bisibisi dukani, akafungua skrubu zote mbili, akatia kibati mfukoni.

Vitundu viwili vimebaki kwenye mashine, na Phelis hataki kuviziba. Mwezi ujao chuo kitamletea msichana wa kufundishwa kazi, Chelimo wa Kipkelion. Anatumaini siku moja watakuwa na chumba chao chenye dirisha, na mashine tatu. Mama yake ameshaandaa kitanda cha mgeni.

Ataanza kumfundisha nini kwanza, kukata au kupima?

"Siku ya kwanza hatagusa mashine," anasema Phelis, akiuma uzi. "Siku ya kwanza atabeba kikapu."