Kushika Kamba Chini ya Mgunga

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mitundu, nilipewa glovu ya mkono mmoja tu. Fomeni wetu, mzee mpole mwenye sauti nzito, akaniambia, "Mama Neema, ile nyingine itapatikana. Leo okota kwa mkono mmoja." Kazi yangu ilikuwa kukusanya matawi yanayoanguka. Vumbi la mbao lilikuwa linashuka juani taratibu, kama unga unaochekechwa, nikasimama kuliangalia mpaka mtu akanipigia kelele nisogee. Nilikuwa nimeshamaliza masomo ya jioni ya watu wazima, nina watoto tayari, na bado nilisimama kama nimelala macho wazi. Nilijua kazi hii itanichukua.

Ninyi vijana mnadhani kukata mti ni kupanda na panga basi. Sisi tulikuwa tunapunguza matawi yanayoelemea nyumba na nyaya za umeme, na mti wenyewe tunauacha uishi. Tawi zito halikatwi mara moja. Unaanza kwa chini, unaingiza msumeno kidogo. Halafu unahamia juu, mbele kidogo ya hapo, unakata mpaka linakatika. Ukianzia juu peke yake, tawi linaanguka huku linachuna gome la shina, na kidonda hicho hakiponi. Kipande kinachobaki unakikata mwisho, karibu na ule uvimbe tawi lilipoanzia, lakini uvimbe wenyewe huugusi. Hapo ndipo mti unajifunga. Fomeni alikuwa anasema, "Usimkate kama unapasua kuni. Huyu tunamtibu."

Hatari zilikuwa nyingi. Umeme, matawi makavu yanayokatika bila kuaga, na nyuki. Upande ule wa Itigi karibu kila mti mkubwa una mzinga au tundu. Kabla ya kupanda tuligonga shina kwa mgongo wa shoka, tukaweka sikio. Shina likivuma, tunaondoka mpaka tumpate mwenye mizinga.

Tulipohamia Iguguno nikapandishwa kuwa mshika kamba. Kamba inafungwa kwenye tawi, inapita kwenye panda ya juu, inashuka na kuzungushwa kwenye shina. Shina ndilo linabeba uzito, wewe unalegeza kidogo kidogo mpaka tawi linagusa ardhi. Juu ya nyumba za watu Fomeni alikataza mashine, yaani msumeno wa mnyororo, maana kelele zake zinaziba masikio. Tulitumia msumeno wa mkono. Na mimi tenzi za kanisani zinanitoka bila kujua, basi ikageuka sheria ya kikosi. Nikiimba, maana yake kamba ninayo na chini hakuna mtu. Nikinyamaza, msumeno unasimama.

Mpandaji wetu alikuwa Ramadhani, kijana mwembamba wa Manyoni. Kabla ya kupanda yeye aliomba kwa dini yake, mimi kwa yangu. Akifika juu anaanza utani.

"Mama Neema, huo wa leo unasinzisha! Nikianguka ni wimbo wako."

"Basi imba wewe kaswida."

"Kwa pumzi ipi? Mimi si ndiye ninayekata?"

Miaka ilipita hivyo. Nakumbuka alizeti zimegeuka upande mmoja, upepo, na sauti ya msumeno inakuja kutoka juu kama mtu anahema usingizini.

Halafu tukapelekwa Sepuka, nyumbani kwa Bibi Salome. Mgunga ulikuwa umelalia bati lake, na shina lake lilikuwa karibu kabisa na ua wa minyaa. Minyaa mnaijua. Ukiivunja inatoa maziwa meupe, yakiingia jichoni yanapofusha.

"Shikamoo bibi," Fomeni akasema. "Tunaomba utoke nje kidogo."

"Marahaba. Nimeingia humu nikiwa bibi arusi, leo nitolewe na kijiti?"

"Kijiti chenyewe kina uzito wa ng'ombe, bibi."

"Haya, nitakaa kwa jirani. Ila kuku wangu anaatamia chumbani, msimshtue."

Akaondoka. Fomeni akakagua vyumba, akafunga mlango. Nikaanza kuimba, Ramadhani akaanza kukata. Tawi likalia, likakatika, kamba ikakaza mkononi. Likabembea juu ya bati polepole, kama mtoto anayesinzia mgongoni. Ncha yake ikazunguka ikafyeka minyaa iliyokuwa pembeni yangu. Nikahisi matone usoni. Halafu moto, macho yote mawili.

Nikanyamaza. Na kwenye ule ukimya, ubeti niliouacha ukaendelea. Sauti ya kizee, nyembamba, inatoka ndani ya nyumba, chini ya tawi. Bibi alikuwa amerudi kwa mlango wa uani kumwangalia kuku wake.

"Bibi yumo!" Ramadhani akapiga kelele. "Mama Neema, usijifute! Usiachie!"

"Shika, mama, naenda kumtoa!" Fomeni akasema, nikasikia viatu vyake vinakimbia.

Wanangu, mikono yangu yote ilitaka kwenda machoni. Niliomba kwa sauti, "Bwana, chukua macho, niachie mikono." Mle ndani nawasikia wanabishana.

"Toka, bibi!"

"Na mayai?"

"Bibi, toka, kuna mtu anaungua huko nje!"

Halafu kuku akapiga kelele uani, nikajua wametoka wote.

"Sasa legeza," Ramadhani akasema kutoka juu, taratibu, kama anamwongoza kipofu njiani. "Legeza. Simama. Linakwenda kulia, acha litulie. Legeza. Legeza tena. Limefika, mama. Achia."

Mkwe wa jirani aliyekuwa ananyonyesha akanikamulia maziwa yake machoni, ndivyo tulivyozoea huku. Zahanatini muuguzi akaniosha kwa maji mengi, akanikanya juu ya yale maziwa. Maji mengi, kwanza kabisa, ndilo neno nawaachia. Jicho la kushoto lilirudi. La kulia lilibaki na ukungu.

Fomeni akaja nyumbani, akakaa. "Mama Neema, mwenye jicho moja hapimi umbali wa tawi. Siwezi kukuweka chini ya mti tena."

"Najua, Fomeni."

"Usinichukie."

"Nikuchukie kwa nini? Wewe si uliingia mle ndani?"

Ndivyo nilivyostaafu, mapema kuliko wenzangu, nikiwa sijafika hata miaka hamsini. Siku hizi jioni nakaa mlangoni, nafumba jicho zima, naangalia kwa lile bovu. Miti inakuwa moshi unaosimama mahali pamoja, na jua linaingia ndani yake bila kukatwa na kitu. Sijui kama kuna mwingine anaiona miti hivyo. Namshukuru Mungu. Zipo siku nalia pia, sitawaficha.

Juzi kanisa letu lilikuwa na mkutano Sepuka. Katikati ya maombi mtu akaja akakaa benchi yangu, upande wa kulia, akanishika mkono. Kiganja kikavu, chepesi.

"Nani?" nikanong'ona. "Hamia huku kushoto, huko sikuoni."

"Najua hunioni," akasema Bibi Salome. "Lakini nipo."