Neno Nililosema Nimepewa

Shule yetu ya Kitale ilikuwa na uwanja wa saruji wenye nyufa, vikapu viwili visivyo na nyavu, na msichana mmoja aliyefanya shule nyingine zituogope. Alikuwa mrefu na mpole, na mpira ukigonga ubao ukarudi, ulikuwa wake. Mimi ndiye niliyekuwa kapteni. Nilikuwa mfupi mwenye mdomo, kazi yangu kugawa mpira na kupiga kelele.

Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha, mwalimu wa michezo alituketisha kando ya uwanja. Shule moja ya Bungoma ilimtaka nyota wetu, nayo ingetupa wachezaji wake wawili. Mambo kama hayo yalifanyika sana kabla ya mashindano.

"Wawili kwa mmoja," mwalimu alisema. "Mmoja ni mrefu, mwingine anagawa mpira vizuri sana. Mnaonaje? Mwenyewe amesema atafuata vile timu itasema."

"Si hiyo ni poa, bana," mwenzetu mmoja akasema. "Huyu akiumia leo, sisi tumekwisha."

Wengi waliitikia, na walikuwa na haki. Timu ya mtu mmoja ni nyumba ya nguzo moja. Lakini mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu: anagawa mpira vizuri sana. Huyo alikuwa anakuja kuchukua nafasi yangu.

Nilijua pia jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Bwenini nyota wetu alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Mama yake alikuwa kwao Myanga, karibu na Bungoma, macho yakimpotea, na watoto wadogo wakimtegemea. Ile shule ya Bungoma ingemruhusu msichana arudi nyumbani kila jioni. "Nikienda nitakuwa nampikia," aliniambia. "Juzi ameungua na sufuria tena."

Sasa, shuleni kwetu tulikuwa walokole kwelikweli. Uamuzi mkubwa uliombewa kwanza, na mtu akifumbua macho akasema amepewa neno, mjadala umekwisha, maana nani atabishana na Mungu? Basi nikasema tuombe. Tukashikana mikono. Niliomba kwa sauti, nikaitetemesha kidogo mwishoni, kisha nikatangaza kwamba nimepewa neno: abaki.

Sikuwa nimepewa neno lolote. Nilikuwa na hofu ya kukalishwa benchi, basi.

Nyota wetu alilia. Wenzangu wakasema ni Roho amemshukia. Nilimpapasa mgongo, nikajichukia, lakini sikujichukia kiasi cha kusema ukweli. Usiku nilikisikia kitanda cha juu kikilia kila alipogeuka, nami nikajifunika blanketi hadi kichwani.

Muhula uliofuata tulikutana na shule ileile kwao Bungoma, tukawafunga. Mechi ilipokwisha, nyota wetu alinishika mkono akanipeleka kwa mama mmoja aliyeketi kwenye nyasi na binti yake mdogo. Alikuwa amefunga viazi vitamu kwenye leso. Hakuwa ameona mechi; yule mdogo ndiye aliyekuwa akimhadithia.

"Mama, huyu ndiye kapteni wetu."

Mkono wake ulinitafuta hewani kabla ya kunipata. Ulikuwa na kovu bichi la moto.

"Wewe ndiye ulimuombea mtoto wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ubarikiwe. Mimi nilikuwa nataka akuje nyumbani, sitakudanganya. Nilinung'unika sana. Lakini kama ni Mungu amesema, mimi ni nani?" Akanipa kiazi, akaukunja mkono wangu juu yake. "Hebu niambie, mwanangu, nipate kutulia. Ulimsikia kabisa?"

Nyota wetu alikuwa akinitazama, jasho bado usoni, akitabasamu kwa ajili ya mama yake.

"Nilimsikia, mama," nikasema, nikakiuma kile kiazi ili nisiulizwe zaidi.