Nani Anamnenepesha Brenda?

Jina lake halisi ni Merv Tranter, ila ukiulizia Merv pale mjini watakukodolea macho tu. Uliza Losheni. Lilimganda siku alipokutwa kituo cha mafuta, mwanaume mzima na midevu yake, amepiga magoti anampaka mbwa losheni ya jua puani. "Usisahau na kope, mpenzi!" akapaza sauti dereva wa lori la miwa. Basi, kwisha habari yake. Siku hizi hata daktari wa meno anamwita hivyo.

Ila usimcheke sana. Brenda, mbwa wake, ni mweupe, pua ya pinki, na jua la kaskazini mwa Queensland halijui mswalie. Linamchubua kabisa. Na huyu si mbwa wa mapambo, ni chotara wa kuwindia nguruwe pori: kilo arobaini, kichwa kama tofali, miguu mirefu ya mbio. Ukimvalisha ile fulana nene ya kumkinga na meno ya nguruwe, anakamata dume sikioni na haachii mpaka Merv afike. Nyumbani sasa? Anakoroma kwenye sofa, na mgeni yeyote akiingia analambwa mikono. Kwa ulinzi, sifuri kubwa.

Hapo ndipo presha ya Merv ilipo. Kule mbwa wa kuwinda wanaibwa, tena mwizi mzoefu hakurupuki. Anamzoesha mbwa kwa nyama, wiki mbili tatu, halafu siku moja mbwa mwenyewe anapanda gari la mwizi, mkia unacheza. Kwa hiyo Merv alipoona Brenda ananenepa, na chakula ni kilekile, makopo mawili ya nyama ya kangaruu kwa siku, akajiambia: kuna mtu anamlisha huyu.

Akaanza upelelezi. Asubuhi kabla hajaenda kujenga uzio kwenye mashamba ya ng'ombe, akamfunga Brenda ile kola ya porini inayoonyesha mbwa yuko wapi. Mchana kutwa anachungulia kifaa. Brenda hajatoka nyumbani hata hatua. Jioni anakuta alama za buti uani, saizi kubwa. Na mjini mwenye buti la saizi ile ni mmoja tu: Dez Haggerty, mwenzake wa kuwinda miaka kumi na mbili.

"Dez, mbona hujaja kwangu siku nyingi?" akamtega.

"Nije kufanya nini? Kuangalia sura yako?"

Lakini Dez alijibu huku anaangalia viatu. Merv hakulala vizuri.

Alhamisi akaaga anaenda kazini, akaficha gari nyuma ya kanisa, akarudi kwa miguu na kujibanza kwenye banda la mashine ya nyasi. Saa sita mchana, huyo hapo Dez anaruka uzio, ananyata.

"Nimekukamata, mwizi wewe! Umemlisha nini mbwa wangu?"

Dez karibu azimie. "Mwizi nani? Nimemfuata Gravel!"

Na kweli, nyuma ya tangi la maji alikuwa amejilaza Gravel, mbwa dume wa Dez, ubavuni kwa Brenda kama baba mwenye nyumba.

"Amekuja mara ngapi?"

"Leo tu."

"Dez."

"Tangu... mwezi uliopita. Kila siku namtoa, kila siku anaruka. Ningekwambiaje, kaka? Ungenipiga risasi."

Wawindaji wa kule wanachagua dume kama wanachagua mkwe. Kuacha dume lako lijipeleke kwa jike la mtu ni aibu ya kuhama mji. Merv akachuchumaa, akampapasa Brenda tumboni. Gumu. Chuchu zimevimba. Mashindano ya uwindaji yamebaki siku tisa, na Brenda na mimba yake ndiyo basi tena.

"Kwa desturi," Dez akasema kwa sauti ya chini, "mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza."

"Una uso mkavu wewe! Utachagua wa mwisho. Nikiwa nimekushika mkono."

Walizaliwa tisa. Dez anakuja kuwaona kila Jumapili, na kila akiondoka Merv anamkagua koti. Anahesabu: tisa. Anahesabu tena.

Haya, na wewe. Ulishawahi kumshuku rafiki yako hivi, halafu ukakuta ana kosa, ila si lile? Mwaga kisa chako hapo chini. Majina badilisha, tunakujua.