Barua Niliyomwambia Rodrigo Airudie

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la kuazima na viatu vilivyonibana, kwa sababu nilidhani ofisi ya chuo inataka mtu aonekane hivyo. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Hopkins, kitongoji cha jiji la Minneapolis, Marekani. Kwa miaka saba niliwaogesha na kuwalisha watu ambao wengi wao hawakukumbuka jina langu, huku jioni nikisomea ushauri wa wanafunzi. Mkurugenzi wa Huduma za Wanafunzi, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alinipeleka hadi chumba kidogo karibu na mkahawa wa chuo, akafungua mlango.

"Hii ndiyo ofisi ya wanafunzi Walatino," akasema. "Mshauri wao amehama. Utawashika mpaka tupate mtu."

"Lakini mimi sijui Kihispania."

"Sijasema utawafundisha Kihispania."

Mtu huyo hakupatikana. Nilikaa miaka kumi na tisa.

Nawaandikia ninyi vijana wa makanisa yetu ya Brooklyn Park, mnaoniuliza kila mara kazi ile ilikuwaje. Wengi wenu mko kwenye uuguzi, migongo inawauma, na mmesikia kwamba ushauri wa wanafunzi ni kazi ya kukaa kitini. Ni kweli tulikaa kitini.

Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa watu waliotoka Meksiko, Ekwado na El Salvador. Wengi walizaliwa hapa hapa Minnesota, wengine waliletwa wakiwa wadogo mno kukumbuka safari. Katika mkutano wa kwanza wa chama chao kijana mmoja aliniuliza, kwa adabu tu, "Mama, wewe ni Mlatino wa wapi?"

"Wa Taita, Kenya," nikamjibu.

Wakacheka. Msichana aliyekaa nyuma hakucheka. "Sasa utatusaidiaje?"

"Najua kusimama mbele ya dirisha la ofisi nikaambiwa nirudi kesho," nikasema. "Na kesho najua kurudi."

Kuanzia hapo wakaniita Doña Wakesho, yaani Bi. Wakesho, na mimi nikaanza kujifunza Kihispania chao neno kwa neno, hasa kutoka kwa mama zao waliopiga simu ofisini wakiuliza watoto wako wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni utetezi. Mwanafunzi akiwa na shauri, kwa mfano amesimamishwa masomo kwa sababu wastani wake wa alama umeshuka, unamsaidia kuandika rufaa, kisha unakwenda naye mbele ya kamati. Humsemei. Unakaa kando yake ili asiwe peke yake upande ule wa meza. Upande wa pili ni kulea viongozi. Hapo niliwafundisha kuandaa ajenda, kuendesha mkutano bila kumkata mtu kauli, kuandika kumbukumbu, na kuhesabu akidi, yaani ile idadi ya wajumbe ambayo isipotimia, kikao hakiwezi kuamua lolote. Vijana huona mambo haya yanachosha, hadi siku wanapokutana na mtu mzima anayeyatumia kuwazuia.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa tawi la Saint Paul, karibu na mtaa wa Frogtown, kwa kazi ileile. Bosi wangu mpya alikuwa Mkuu wa Wanafunzi, mzee mkavu ambaye hakuwahi kuinua sauti. Wiki ya kwanza alinirudishia faili tatu. "Bi. Wakesho," aliniambia, "faili lisilo na tundu nalipitisha. Lenye tundu nalirudisha. Sina chuki na mtu, ila nayachukia matundu."

Nilichukua maneno yake kama sheria. Nikawa mwanamke wa mafaili yasiyo na tundu. Rufaa zilizopitia mkononi mwangu zilikubaliwa, na wanafunzi wakaambizana, "Mpelekee Doña, atakusumbua, lakini utashinda." Nilijivunia hilo. Nalisema wazi, kwa sababu fahari hiyo ndiyo iliyoleta ninayotaka kuwasimulia.

Rodrigo alikuwa katibu wa chama, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyesomea upimaji ardhi. Alikuwa mtaratibu, mwandiko wake ungedhani umechapwa. Alikaa Hopkins na mama yake, Doña Elvira, aliyetoka jimbo la Morelos huko Meksiko na kufanya usafi kwenye majengo ya ofisi. Mwenyekiti wa chama alikuwa Yesenia, binti mwepesi wa kusema na mgumu wa kunyamazishwa. Walikuwa marafiki tangu sekondari.

Muhula mmoja wa mwanzo wa mwaka Doña Elvira alipasuliwa nyonga. Rodrigo akawa ndiye anayempeleka kliniki, anayempikia, anayemwinua kitandani. Akakosa vipindi vya vitendo, akafeli masomo mawili, na mwezi wa tano akapata barua ya kusimamishwa. Alikuja ofisini na rufaa aliyokwisha kuiandika, ukurasa mmoja. Ilisema kwamba alikuwa na majukumu nyumbani, kwamba majukumu hayo yamepungua, na kwamba anaomba nafasi.

"Majukumu gani?" nikamuuliza.

"Ya nyumbani tu, Doña."

"Andika kwamba mama alipasuliwa. Ambatanisha barua ya daktari."

Akatazama mikono yake. "Mama yangu si kisingizio."

"Sijasema ni kisingizio. Ni ushahidi. Barua hii ina tundu, Rodrigo. Irudie."

Kamati ya Rufaa ilikuwa inakutana siku tatu baadaye, kikao cha mwisho kabla ya likizo. Nilijua. Nilihesabu kwamba tutawahi, na Rodrigo akaiandika upya. Lakini kliniki ilitaka mama asaini fomu ya kuruhusu taarifa zake zitolewe, daktari alikuwa safarini, na barua ilipotufikia kikao kilikuwa kimepita kwa wiki nzima. Nikaomba kikao cha dharura. Mkuu wa Wanafunzi akatikisa kichwa. "Walimu wameondoka. Hakuna akidi hadi mwezi wa nane."

Nilimweleza Rodrigo kwamba ni miezi miwili na ushei tu. Alinishukuru. Mvua ya mawe ilikuwa imeharibu nyumba nyingi za vitongoji vya magharibi, na mafundi wa mapaa walikuwa wanatafuta watu, kwa hiyo akaingia kazi hiyo ili asikae bure. Mwezi wa saba, asubuhi yenye jua, aliteleza kwenye paa la nyumba ya ghorofa mbili. Hakufikishwa hospitali akiwa hai.

Yesenia ndiye aliyenipigia. Hakulia. Alisema, "Doña, Rodrigo ameanguka, amekufa," kisha akakata simu. Nilikuwa jikoni. Binti yangu Mkamburi alinikuta nimekaa sakafuni, akaninyang'anya funguo za gari mkononi. "Mum, huwezi ku-drive hivi. Nitakupeleka mimi."

Kwenye mazishi Doña Elvira alitembelea fimbo, nyonga bado haijapona. Alinishika mkono akaniambia wanae wawili walikuwa Rodrigo na chuo cha Rodrigo. Nikamshika mkono wa pili, nikamsindikiza hadi kwenye gari.

Mwezi wa nane kamati ikakutana. Hakuna aliyekuwa ameliondoa jina lake kwenye orodha, na mimi nilikuwa likizo ya msiba. Wakalijadili faili, wakalikubali. Niliporudi nilikuta nakala ya barua yao mezani: "Tunafurahi kukukaribisha tena." Nilimkimbilia msajili nikazuia ya asili isitumwe Hopkins. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, profesa mmoja mpole wa hisabati, nikamweleza yaliyotokea. Alishika paji la uso. Nilikuwa nimechukua barua zote mbili za Rodrigo. Akasoma ile ya kwanza, ya ukurasa mmoja, polepole.

"Ulimwambia airudie?"

"Ndiyo."

"Hii ingetosha," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu swali la hesabu. "Wanafunzi wazuri kama huyu tunawapitisha kwa ukurasa mmoja."

Nilimwambia Yesenia siku ileile. Nilifikiri atanifariji, na naona haya kuandika kwamba nilitaka kufarijiwa na binti wa miaka ishirini na mbili aliyezika rafiki yake.

"Ulimwambia airudie," akasema. "Alikuwa hataki, ukamwambia airudie."

"Ndiyo."

"Na mama yake anajua?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani. Akainuka akaenda zake, na kwa mwezi mzima hakuingia ofisini kwangu. Lakini kazi aliifanya. Aliitisha mikutano, akahesabu akidi, akakusanya saini za vyama vyote vya wanafunzi, wakiwamo wa Afrika Mashariki, kisha akaenda mbele ya Mkuu wa Wanafunzi na walimu wote akitaka Kamati ya Rufaa ikutane hata wakati wa likizo, wajumbe wakishiriki kwa simu. Nilikaa kiti cha nyuma.

"Sheria zipo kwa ajili ya usawa," Mkuu wa Wanafunzi alimwambia.

"Mlikubali rufaa ya mtu aliyekwisha kuzikwa," Yesenia akamjibu. "Huo ndio usawa wenu?"

Mzee yule alifunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akaomba kura ipigwe. Sheria ikabadilishwa. Hakuna aliyepiga makofi. Yesenia alipopita kando yangu akitoka alisimama. "Sasa zamu yako, Doña."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Hopkins. Doña Elvira alinikaribisha mezani, akaniwekea kahawa yenye mdalasini. Nilikuwa nimepata ruhusa ya msajili kumpa karatasi za mwanawe. Kwa Kihispania changu kibovu nilimweleza yote, bila kupunguza: barua ya kwanza, neno langu, kliniki, kikao kilichopita, maneno ya profesa. Nikamaliza kwa kusema, "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Aliitazama dirishani theluji ya kwanza ya mwaka.

"Ile ya pili inasemaje?" akauliza.

Nikamsomea, nikitafsiri kwa Kihispania. Rodrigo alikuwa ameandika kwamba mama yake huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwamba kwa miaka yote ya shule hakuwahi kumkuta amelala asubuhi, na kwamba alipomwona hawezi kuinuka kitandani aliogopa kama mtoto. Aliandika kwamba kumsaidia mama kutembea tena kilikuwa kitu alichokifanya vizuri kuliko vyote mwaka ule, na kama kwa sababu hiyo alifeli masomo mawili, basi anaomba ayarudie.

Doña Elvira aliniomba nisome tena. Nikasoma. Mara ya tatu aliichukua mwenyewe, ingawa hakujua Kiingereza, akapitisha kidole chini ya jina lake yeye lilipoandikwa.

"Hakuwahi kuniambia haya," akasema. Baadaye akanitazama usoni. "Watu wanakuja hapa wananiambia kila kitu kina sababu. Wewe unataka nikwambie si kitu. Siwezi. Ni kitu."

"Najua."

"Lakini umekuja. Jumamosi ijayo njoo tena."

Nikaja tena. Kwa miaka saba nilikwenda Hopkins karibu kila Jumamosi. Tulipika, tulinyamaza, nikamfundisha ugali, akanifundisha kukanda unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kama wafanyavyo kwao. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuwahi kumuuliza.

Kazini nilibadilika. Mwanafunzi akiniletea barua siku tatu kabla ya kikao, niliichukua ilivyo nikaipeleka, matundu na yote, nikisema mwenyewe nitajibia. Nyingine zilikataliwa. Mkuu wa Wanafunzi alistaafu, akaja Makamu wa Rais wa chuo, kijana, aliyeunganisha ofisi za Walatino, za Waafrika na za Wahmong, jamii iliyotoka Asia ya Kusini-Mashariki, kuwa kituo kimoja chenye jina refu na mshauri mmoja. "Huduma haiondoki, inapanuka," alituambia. Mlango wetu karibu na ngazi ukafungwa. Wanafunzi walilia, na mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne kabla ya kustaafu.

Mkiniuliza nilifanya nini kwa miaka kumi na tisa, nitawaambia niliona vijana wengi wakijifunza kusema bila kutetemeka. Yesenia sasa ni wakili wa wafanyakazi, na kila mwaka hunipigia siku ya kuzaliwa kwangu. Lakini kazi ya kushika mambo ya watu ina jambo moja ambalo shahada haikunifundisha: unaweza kumdhuru mtu kwa bidii yako, ukiwa na nia njema kabisa, na bado Jumatatu utatakiwa kufungua ofisi.

Mwaka huu, nyonga zikiwa zimemshinda, Doña Elvira aliamua kurudi Morelos kwa dada zake. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Mlangoni alinishika mabega.

"Mimi naondoka," akasema. "Wewe unabaki naye."

Theluji ilipoyeyuka nilikwenda makaburini peke yangu. Nilifagia majani, nikaosha jiwe, kisha nikasimama nisijue nimsemeshe kwa lugha gani, Kihispania changu cha jikoni au Kiingereza cha ofisini. Mwishowe nikasema kwa Kiswahili, kama ningemwambia mtoto wangu: "Rodrigo, mwanangu, ni mimi. Mama yako amefika salama."