Watoto wa Migombani

Kemilembe alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na minane, katika darasa la elimu ya watu wazima lililofanyika Maruku kila jioni baada ya kazi ya shamba la ujamaa. Mwaka wa pili, mistari ikaanza kupinda. Kisha katikati ya kila neno pakakaa doa la kijivu, na kila alikopeleka macho nalo lilikwenda huko huko. Mwishowe nyuso za watu zikafutika. Mkamwana wake, Theopista, Kemilembe alimwona mabega, mikono na kilemba; uso, hapana.

Hayo aliyasema. Yaliyofuata aliyaficha.

Asubuhi moja, akimenya ndizi mlangoni, aliona watoto saba wamesimama kati ya migomba, wamevaa nguo nyeupe za maua. Yeye aliyeshindwa kuona uso wa mkamwana wake, hawa aliwaona mpaka kope. Akawasalimia. Hawakuitika. Alipopepesa macho, hawapo.

Kesho yake wakarudi. Kemilembe alikuwa amezika watoto watatu kwenye kibanja kile, shamba la migomba lililozunguka nyumba, akawatafuta miongoni mwa wale saba. Hakuwapata, na hilo likamtisha zaidi. Walikuwa wa nani, basi, na walimtaka nini? Akaacha kukaa mlangoni. Darasani nako hakwenda tena.

Theopista alimfuma siku moja akiifokea migomba.

"Mama, unamfukuza nani?"

"Hao. Wewe huwaoni?"

Mume wa Theopista, Projestus, alitaka watambike haraka kabla majirani hawajasikia. Theopista hakumsikiliza. Alipanda basi na mama mkwe wake mpaka Bukoba.

Daktari wa macho, Gamaliel, alimmulika macho yote mawili. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, kuna vitu unaviona ambavyo wengine hawavioni?"

Kemilembe akashika kiti. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Wazee wengi wenye ugonjwa huu huviona, ila wanaogopa kusema. Hivyo unavyoviona, vinaongea?"

"Ni watoto. Hawaongei."

"Basi si mizimu, wala hujarukwa na akili. Katikati ya jicho pamechakaa kwa uzee. Akili ikikosa picha, inajichorea zake. Huenda zikaisha zenyewe siku moja."

"Dawa?"

"Sina, Bibi. Huko Ulaya wanajaribu kuchoma kwa mwanga mkali, nao hawajafika mbali. Lakini usinitazame usoni. Tazama sikio langu."

Akatazama sikio. Polepole, pembeni mwa doa, yakatokea masharubu, kisha pua, kisha macho mekundu ya mtu aliyechoka. Kemilembe akalia.

Nyumbani alijizoeza kutwa. Siku alipoupata uso wa Theopista sawasawa, alishtuka. "Mwanangu, mvi hizi zimeota lini?" Akarudi darasani. Mwalimu alimwandikia herufi kubwa kwa mkaa, na mwaka 1975 alifanya mtihani wa kusoma kichwa kimeelekea dirishani, akafaulu.

Watoto waliendelea kuja. Sasa alikaa mlangoni nao, akimenya ndizi, na majirani aliwaeleza bila kuficha.

Msimu wa kahawa uliofuata, Theopista alimkuta ameacha kisu chini, kichwa kainamisha upande, anakagua mgomba mmoja baada ya mwingine.

"Wapo, Mama?"

"Leo siku ya tisa hawajaja."

"Si vizuri? Daktari alisema huenda wakaisha."

Kemilembe akahamia mgomba uliofuata. Aliendelea kutafuta mpaka jua likachwea.