Ukoka wa Ufukweni

Kosa langu lilianzia kwenye neno. Nilimpigia mama simu kutoka Ngara, ninakofundisha, nikamwambia likizo hii nitampeleka ziwani akapumzike. Akauliza, "Nani amekwambia nimechoka?"

Nyumbani kwetu Nyantakara hakuna anayesafiri kwenda kupumzika. Watu husafiri kwenda msibani, harusini au hospitali. Mtu wa mwisho kuambiwa neno hilo alikuwa baba. Kaka yangu alimwambia, mzee, tunakupeleka Mwanza ukapumzike kidogo, na sote tukatabasamu kwa pamoja. Baba akarudi ndani ya sanduku. Mimi nilikuwa nimeshalisahau hilo neno, mama hakulisahau. Na kwa kuwa muda mfupi kabla ya safari nilikuwa nimempeleka kupima presha, akajumlisha moja na moja: nina ugonjwa, na wanangu wananificha. Presha yenyewe ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mji tuliokwenda ni mdogo, upande wa Chato, kimya hata siku ya gulio. Tulifikia nyumba ya wageni iliyo karibu kabisa na mchanga. Mama alishuka garini na kapu la maharage na mkungu wa ndizi, kwa sababu haendi kwa watu mikono mitupu, awe anawajua au hawajui. Dada wa mapokezi alimwamkia shikamoo bibi, akaupokea mkungu kwa mikono miwili, akabaki hajui pa kuuweka. Mama akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, akidhani sisikii, "Hapa mnapokea na wagonjwa?"

"Hapana, bibi. Hapa watu wanakuja kustarehe."

"Ndivyo mnavyowaambia," mama akasema.

Toka hapo sikupata raha tena. Ziwa lilikuwa zuri, sikatai, ila sikumbuki hata rangi yake. Mimi namtazama mama, mama ananitazama mimi. Nikimwekea sato mzima kwenye sahani, anauliza kwa nini awe wake peke yake. Nikimtolea kiti mchangani, anakalia ukingo tu, mkoba mapajani, kama anasubiri kuitwa dirishani kuchukua dawa. Nikamtandikia kanga kivulini. "Sijaja kulala mchana," akasema.

Jioni akaniuliza wazi. "Mwanangu, niambie. Nina nini?"

"Huna kitu, mama."

"Baba yako naye hakuwa na kitu."

Nikamwapia. Ndipo nikaharibu zaidi, maana baba naye tulimwapia. Mbaya zaidi, wasiwasi wake ulianza kunishika mimi. Nikajikuta naitazama mikono yake, najiuliza imekonda lini, na kama yule nesi alipima vizuri.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu, kimetandikwa. Nilitoka mbio, peku. Mama alikuwa mbele ya nyumba, kanga kaifunga kiunoni, kashika jembe alilolikuta nyuma ya jiko, na kipande kizima cha uwanja kilikuwa udongo mtupu. Alikuwa ameung'oa ukoka. Kwetu mtu anayecheka na ukoka hana maharage mwaka huo. Unauchimba hadi mzizi, unaukung'uta, unauanika juu ya mawe ufe kabisa, na mama alikuwa ameuanika vizuri sana. Lakini ukoka wa pale ulipandwa kwa makusudi. Nilikuwa nimemwona mwenye nyumba akiumwagilia kwa mpira, na sasa alikuwa amesimama barazani, mkono mdomoni.

"Nimewasaidia," mama akasema. "Magugu yalikuwa yamewazidi."

Hapo nikawaka. "Mama, nani kakutuma? Hata siku mbili huwezi kutulia? Unashika jembe kwa watu usiowajua, unafukua uwanja wao, unaniaibisha mchana kweupe. Weka hilo jembe chini." Sikuwahi kumpandishia mama sauti. Kwetu hilo halifanywi, na mimi ni mwalimu, nina sauti ya kufika darasa la tatu kutoka la kwanza. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyenihurumia. "Basi, dada," akasema. "Ukoka utaota tena."

Nikangoja laana yangu. Mama aliweka jembe chini, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Kumbe siumwi," akasema.

"Si nimekwambia tangu jana?"

"Jana ulikuwa unanibembeleza. Baba yako, tangu alipoanza kuugua, hakuna aliyemgombeza tena. Hata alipomwaga uji kitandani, mlimwambia hakuna shida."

Alitembea hadi mchangani, akaketi chini kabisa, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Nilipomfikia, alikuwa analia.

"Nimeogopa sana," akasema.

Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono, nikaendelea kumgombeza.